Trekta limezima shambani: umwambie nini fundi?

Wilayani Kongwa mvua za kwanza hazimsubiri mtu. Zikishaanguka, kila mwenye trekta kati ya Kibaigwa na Mlali anatafutwa usiku na mchana, na majina ya wanaotaka kulimiwa yanaandikwa kwenye daftari la shule. Ni wakati huohuo, ardhi imelainika na wateja wameshatoa kianzio, ndipo trekta la mmiliki mpya linapozima katikati ya shamba, jembe likiwa bado ardhini.

Watu hawachelewi kujaa. Wa bodaboda anasema ni nozeli. Aliyewahi kuwa utingo wa lori anasema ni pampu. Mpwa wa mwenye shamba, aliyegusagusa ufundi mjini, ameshashika spana na anataka kufungua. Mwenye trekta amesimama pembeni na simu mkononi. Hajui ampigie nani, na akimpata wa kumpigia, anachosema ni hiki tu: "Fundi, trekta linazima."

Kwa maelezo hayo fundi hana cha kushika. Trekta linaweza kuzima kwa sababu nyingi mno, kuanzia kifuniko cha tangi hadi injini iliyonoki, na bei ya kwanza na ya mwisho katika orodha hiyo zinatofautiana kwa mamilioni. Nimezungumza na mafundi, madereva wa zamani na wauza spea wa ukanda huu, na lalamiko lao linafanana: wateja wapya wanawapigia kuuliza dawa kabla ya kueleza kinachouma. Washauri hawakosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha mmiliki namna ya kueleza.

Zamani hili halikuwa tatizo kubwa. Trekta lilikuwa la shamba la serikali, la misheni, la kampuni au la tajiri mmoja wa wilaya, na nyuma yake palikuwa na karakana na dereva aliyezeekea usukani. Siku hizi linanunuliwa na mwalimu aliyepokea kiinua mgongo, mfugaji aliyeuza ng'ombe, mwenye ghala la mahindi, au kikundi cha vijana kilichopata mkopo. Tangu Kilimo Kwanza kitangazwe mwaka 2009 na SUMA JKT kuanza kuingiza matrekta ya India na kuyauza kwa mkopo, matrekta kutoka huko yamekuwa ya kawaida vijijini. Upande wa pili kuna mitumba, hasa Massey Ferguson kutoka Uingereza. MF 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964 na ikasimama kiwandani Coventry katikati ya miaka ya 1970. Anayeinunua leo anaweza kuwa mdogo kuliko trekta lake, na aliyemuuzia huwa amemwonyesha vitu viwili tu: linavyowaka na linavyozimwa.

Kongwa, kwa bahati, ina historia ya jambo hili ambayo wengi wetu tunaisoma shuleni kama habari ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mpango wa kulima karanga kwa kiwango ambacho Afrika haikuwa imewahi kukiona. Vita vilikuwa vimekwisha na matrekta mapya hayapatikani, kwa hiyo wakanunua yaliyotumika, mabaki ya jeshi yaliyookotwa mbali hadi Ufilipino. Kiwanda cha Vickers kikawageuzia hata vifaru aina ya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala karakanani. Spea zilikuwa za mashine za kila aina na hazioani, madereva na mafundi wengi walikuwa wanafunzi, na udongo mwekundu wa Kongwa, wenye mchanga mkali na unaogeuka tofali wakati wa kiangazi, ulikuwa unazila sahani za majembe. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Zipo sababu nyingine za kuanguka kwake, mvua ikiwa mojawapo, lakini yeyote anayenunua trekta kuukuu leo bila kujua spea zake zinapatikana wapi anarudia ukurasa wa kwanza wa kitabu kilekile.

Turudi kwa fundi. Mmoja wao hapa Kibaigwa, mwenye kibanda kisicho hata na kibao, alikuwa amekaa kwenye benchi akisafisha nozeli simu ya mwalimu mmoja, mmiliki mpya wa trekta, ilipoita. Akaweka spika ili mikono iendelee na kazi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Trekta linazima."

"Pole sana. Lilizima ghafla, kama mtu amelizima, au lilianza kukosa nguvu?"

"Lilianza kulegea. Likakohoakohoa, likanyamaza."

"Lilikuwa limelima muda gani?"

"Kama nusu saa hivi."

"Mkipumzika linawaka?"

"Tukinywa chai linawaka vizuri tu. Tukirudi kulima, linafanya vilevile."

Fundi akaacha nozeli. "Dizeli umeweka lini?"

"Juzi, tena kituoni, nilikuwapo mwenyewe."

"Kabla halijaanza tabia hii, kuna kitu gani kilibadilika? Chochote, Mwalimu, hata kidogo."

Simu ikawa kimya. Kisha: "Kifuniko cha tangi kilipotea shambani. Vijana wamefunga nailoni na mpira wa baiskeli, wamekaza vizuri."

"Basi likianza kulegea tena, dereva asizime. Kijana aifungue hiyo nailoni, asikilize."

Jioni jibu lilikuja. Nailoni ilipofunguliwa tangi lilivuta pumzi kwa sauti, fyuuu, na injini ikarudi kwenye nguvu yake palepale. Kifuniko halisi kina tundu dogo la kupitisha hewa. Dizeli ikishuka kwenda kwenye injini, hewa inaingia tangini kujaza nafasi yake. Ukiliziba tangi kabisa, pampu inafanya kazi ya mtu anayefyonza soda kwenye chupa iliyobanwa na midomo yake: mwanzo inakuja, halafu inagoma. Trekta likisimama, hewa inapenya taratibu kwenye nailoni, nguvu inarudi, na mwenye trekta anaamini limechoka likapumzika. Wakati huo mpwa wa mwenye shamba alikuwa ameshakubaliana bei ya kushusha pampu na kuipeleka Dodoma ikapimwe.

Angalia fundi alivyouliza. Hakugusa habari za pampu wala nozeli. Aliuliza namna lilivyozima, muda, linavyofanya likipoa, dizeli, na kilichobadilika. Maswali hayo matano mtu anaweza kujijibu mwenyewe kabla hajapiga simu, na akiyajibu atakuwa ameokoa nusu ya kazi. Likizima ghafla, fundi anafikiria kizimio, umeme wa kukata dizeli kwa matrekta mapya, au jambo zito ndani ya injini. Likizima kwa kulegea, anafikiria njia ya dizeli: tangi, bomba, chujio, pampu ndogo ya kuvuta, kisha pampu ya nozeli. Anafuata njia kuanzia mwanzo, kwa sababu mwanzo ndiko kwenye vitu vya bei ndogo.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, kisha dizeli inarushwa ndani kwa mgandamizo mkubwa na kuwaka yenyewe. Ndiyo maana adui yake mkubwa ni upepo kwenye dizeli. Dizeli haibanwi kirahisi, hewa inabanwa. Upepo ukiingia kwenye mabomba, pampu inabana upepo badala ya kusukuma dizeli, na nozeli hazifunguki. Upepo unaingia mtu akiacha tangi likauke, akibadilisha chujio, au bomba la mpira likichanika upande wa kuvuta. Hapo stata inazungusha mpaka betri inakufa na hakuna kinachowaka, hata moshi hautoki.

Kutoa upepo ni kazi ambayo kila mmiliki wa trekta la zamani anatakiwa kuijua, na haichukui muda. Kwenye injini ya Perkins ya silinda tatu iliyomo ndani ya MF 135 ya dizeli, kuna kikono kidogo chini ya pampu ya kuvuta. Unalegeza skrubu ya juu ya chujio, unapampu kikono kwa kidole. Kwanza inatoka povu, halafu mchanganyiko wa povu na dizeli, halafu dizeli tupu isiyo na kiputo. Unakaza. Unahamia kwenye skrubu za pampu ya nozeli, unafanya hivyohivyo. Mwisho unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, mwenzako anazungusha stata, dizeli ikianza kutema unakaza moja baada ya nyingine. Kikono kikiwa laini bila kusukuma chochote, zungusha injini kidogo ujaribu tena: huenda kimesimama kwenye upande wa juu wa kemshafti. Wapo waliokwisha kununua pampu mpya kwa kutojua hilo.

Neno moja la hatari hapo. Dizeli inayotoka kwenye nozeli au bomba la mgandamizo lililotoboka inapenya ngozi na kuingia mwilini. Usitafute mvujo kwa kidole. Akipigwa mtu, hata kama kidonda kinaonekana kama cha sindano, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Dizeli yenyewe nayo ina maneno. Msimu wa kilimo inauzwa kwenye madumu kando ya barabara, na dumu halisemi lilikuwa na nini jana. Tunakumbuka enzi za kuchakachua, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa mpaka serikali mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iishe. Kwa trekta ubaya wake haukuwa moshi tu. Pampu nyingi za nozeli za aina ya zamani zinalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Maji nayo ni mabaya vilevile. Kikombe cha kioo chini ya chujio kipo ili uone: maji yanakaa chini, dizeli juu. Asubuhi ya kazi ukikiangalia, utakuwa umejua kitu ambacho fundi wa kwenye simu hawezi kukiona.

Yapo pia matatizo ambayo si ubovu kabisa, na haya ndiyo yanayowafanya madereva wa zamani wacheke. Mmiliki anawasha, injini inaunguruma, anavuta kikono cha kunyanyua jembe, jembe halitikisiki. Anaambiwa haidroliki imekufa. Kwenye MF 35 na nyingi za MF 135, pampu ya haidroliki inazungushwa na mhimili uleule wa PTO, ule wa nyuma unaozungushia mashine. Kikono cha PTO kikiwa kimetolewa, pampu haizunguki, na jembe litakaa chini mpaka kiama. Nimemwona mzee mmoja akipanda, akasukuma kikono kimoja, akashuka na kuondoka bila kusema neno. Jembe likawa juu. Mwenye trekta alikuwa na nauli ya kwenda Morogoro mfukoni.

Stata nayo hivyohivyo. Matrekta mengi yana swichi ya usalama inayozuia stata mpaka gia iwe huru au klachi ikanyagwe. Gia ikiwa imesogea kidogo, ukipiga ufunguo hakuna hata mlio. Kabla ya kuinyooshea kidole betri, rudisha vikono vyote vya gia kwenye huru, kanyaga klachi mpaka chini, jaribu tena. Kisha angalia vichwa vya betri na waya wa athi unaoshika bodi, maana kutu nyeupe mahali hapo imeshauza stata nyingi zilizokuwa nzima. Ninachokiomba kwa moyo wote ni hiki: usikubali kijana asimame chini, kati ya gurudumu la nyuma na injini, apige shoti stata kwa bisibisi. Njia hiyo inaruka swichi ya usalama. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kutembea, na aliye mbele ya gurudumu hana pa kukimbilia.

Moshi kila mtu anaujua kidogo, kwa hiyo nipite haraka. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi la Dodoma. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe asubuhi ya baridi hauna neno, lakini ukiendelea injini ikiwa ya moto, na maji ya radieta yanapungua bila kuvuja nje, gasketi ya kichwa inatafutwa. Likichemsha, simamisha kazi na usifungue radieta mpaka ipoe. Kisha angalia mbele: makapi na nyasi zilizobanwa kwenye radieta zinachemsha trekta zima kabisa.

Sasa umeamua kupiga simu. Anza kwa kumpa fundi jina la trekta na namba zilizo kwenye kibati chake, kisha namba ya injini yenyewe, kwa sababu mitumba mingi imebadilishwa injini njiani na kibati hakijui. Mweleze kama alivyoelezwa yule wa Kibaigwa, na umweleze pia yale usiyopenda kuyasema: nani alishafungua nini. Mafundi wanasema hapo ndipo wateja wanapoficha. Aliyefunguliwa pampu na mpwa anasema haijaguswa, na fundi anatafuta kosa mahali lisipo. Ukiwa na simu janja, rekodi video injini ikiwa ya baridi, tangu unapozungusha ufunguo, bomba la moshi lionekane na watu wanyamaze. Sauti ya stata na rangi ya moshi vinaeleza mengi kuliko ujumbe mrefu.

Akikuambia ufanye jambo, fanya hilo moja, ujaribu, umrudishie jibu. Mmiliki mwenye haraka anabadilisha chujio, anafungua nozeli na kukaza beliti kwa pamoja. Trekta likiwaka hajui ni kipi kilichosaidia, likikataa hajui ni kipi alichoharibu. Kifaa ulichokitoa usikitupe. Kibebe hadi dukani, hata kama ni Gerezani Kariakoo, kikafananishwe na kipya kwenye kaunta, maana chujio mbili zinaweza kulingana kwa macho na kutofautiana kwenye uzi wa skrubu au raba.

Kwa trekta jipya lenye dhamana, simu ya kwanza ni ya muuzaji, hata kama fundi wa jirani ni hodari. Pampu ikifunguliwa lakiri, dhamana mara nyingi inakuwa imekwisha. Na huduma ya kwanza, ambayo kwa matrekta mengi ni saa 50 za kazi kwenye mita, usiiruke kwa kisingizio kwamba linalima vizuri. Saa 50 za msimu wa kulima zinakwisha upesi.

Kuna suala la malipo ambalo tunalionea haya. Fundi aliyekutatulia tatizo kwa simu amekupa ujuzi wa miaka, na kwa kukuambia ufungue nailoni amejinyima kazi ya kushusha pampu. Wengi wetu tunasema ahsante na kukata. Halafu tunashangaa fundi anayependa kufungua injini kuliko kuuliza maswali. Mwalimu alituma hela kwa simu jioni ileile, na sioni kwa nini isiwe desturi. Fundi akijua ushauri unalipwa, atakuwa na sababu ya kukuambia ukweli wa bei ndogo.

Wauzaji nao wana deni. Kumkabidhi mtu mashine ya mamilioni kwa maelezo ya nusu saa uani, pamoja na kitabu cha lugha ambayo dereva wake haisomi, si makabidhiano. Siku moja shambani, jembe likiwa ardhini, dereva na mwenye trekta wote wakiwapo, wakitoa upepo kwenye dizeli kwa mikono yao na kuonyeshwa kila kikono kinafanya nini, ingepunguza simu nyingi za Desemba. Wanunuzi, lidaini hilo kabla hamjasaini.

Na kama trekta lako linakohoa tangu msimu uliopita, mwite fundi mwezi wa tisa au wa kumi, wakati ana nafasi ya kulisikiliza. Mvua ikishanyesha atakuwa shambani kwa mtu mwingine, na simu yake haitapokelewa.